Karambisi, pandu au kibua: yupi wa kwenda naye nyumbani?

Asubuhi moja nilisimama soko la Darajani, hapa Unguja, mbele ya meza yenye samaki wa sampuli tatu. Mmoja mpana kama sinia, paji la uso limesimama wima. Wa pili mrefu, bapa, anang'aa kama bati jipya. Wa tatu ni mafungu ya wadogo wadogo, kila mmoja anaenea kiganjani. Nikamuuliza mwenye meza, "Ami, hawa kina nani?" Akanijibu huku akiwamwagia maji samaki wake: "Hao wakubwa wawili ni ndugu, mwanangu, karambisi na pandu. Hawa wadogo vibua, hao wana kwao."

Nimetembea na jibu hilo miaka sasa, kwa sababu kila nilipojifunza zaidi juu ya samaki hawa ndivyo lilivyozidi kugeuka. Na vijana wanaoanza nyumba zao huniuliza jambo lile lile kila mara: nina pesa hizi, nina wageni hawa, nichukue yupi? Basi nimeona niwaweke watatu hawa bega kwa bega.

Nitawapima kwa mambo matano. Kwanza ukoo wake na alama za kumjulia, maana jina la mezani hubadilika baina ya diko na diko. Pili nyama yake ikoje mdomoni. Tatu chungu kinachompenda. Nne anavumilia vipi joto na safari. Tano ukubwa wake kwa mfuko na kwa idadi ya walaji. Bei kwa shilingi sitaitaja. Samaki wa hapa bei yake huenda na upepo na mwezi, na ya kaskazi si ya kusi.

Ukoo wao

Wataalamu wanawaweka karambisi, kolekole na pandu katika familia moja iitwayo Carangidae, jina lililoanzia kwa mtaalamu wa viumbe Rafinesque mwaka 1815. Ni familia kubwa, yenye spishi zipatazo 150, wengi wao wakiwa wa bahari za joto kama yetu. Alama yao iko chini ya tumbo. Mpindue samaki, pitisha kidole polepole kutoka tumboni kwenda mkiani. Ukishapita tundu la haja, kabla hujafika kwenye pezi la chini, utagusa miiba miwili mifupi iliyosimama peke yake, imeachana na pezi. Kwa baadhi ya wakubwa miiba hiyo huzama ndani ya ngozi, lakini ukibonyeza utaihisi. Alama ya pili ni shina la mkia: jembamba sana, kisha mkia unaachana panda mbili.

Mgawanyo uliozoeleka ndani ya familia hii ni wa koo nne. Wa kwanza, Carangini, ndio wa karambisi na kolekole. Wa pili, Scomberoidini, ni wa pandu. Wa tatu, Naucratini, una jamaa wa maji makubwa wa jenasi Seriola na Elagatis, pamoja na yule samaki mdogo mwenye mistari anayefuatana na papa, Naucrates ductor. Wa nne ni Trachinotini, wa jenasi Trachinotus, samaki wa mviringo wanaopenda mawimbi ya ufukweni.

Sasa kibua yuko wapi? Hapa ndipo jibu la yule ami liliponigeukia. Kibua wa jenasi Decapterus, na yule mwenye jicho kubwa wa jenasi Selar, wote ni Carangini. Wako ukoo mmoja na karambisi, wakati pandu yuko ukoo wa pembeni. Mshike kibua wa namna hii, telezesha kidole ubavuni kuelekea mkiani, utakutana na mstari wa magamba magumu yenye ncha, yanakwaruza kama msumeno. Mshike karambisi, msumeno ni ule ule, mkubwa tu zaidi. Mshike pandu, ubavu ni laini hadi mwisho, msumeno hana. Yule mdogo wa fungu ndiye ndugu wa karibu wa huyu mkubwa wa sinia.

Lakini jihadhari, maana neno kibua linabeba samaki wa familia mbili. Kibua mwingine tunayemla sana ni Rastrelliger, na huyo si wa Carangidae hata kidogo. Ni wa familia ya jodari na nguru. Kuwatofautisha ni kazi ya kufumba na kufumbua: Rastrelliger ana vipezi vidogo vitano juu ya shina la mkia na vitano chini, wala hana msumeno. Decapterus ana kipezi kimoja juu na kimoja chini. Jina lake kwa Kigiriki ni mwenye mapezi kumi, na ukimhesabu yanatimia: mawili ya mgongoni, moja la chini, mawili ya ubavuni, mawili ya kifuani, mkia, na vile vipezi viwili.

Vinasaba navyo vimezidi kuupanua ukoo huu. Tafiti kadhaa za karne hii zimeonyesha kwamba fulusi, songoro na chazo wanaingia katikati ya mti wa Carangidae, karibu zaidi na karambisi kuliko alivyo pandu. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu sasa wanamtoa pandu na jamaa wa Trachinotus na kuwapa familia yao wenyewe. Chazo, yule anayeng'ang'ania ubavu wa papa kwa kichwa chake, ambaye wazee wa pwani hii walikuwa wakimfunga kamba na kumtumia kukamatia kasa! Nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda.

Majina yao ya kitaalamu nayo hayako mbali nasi kama yanavyosikika. Mengi yalitoka Bahari ya Shamu, kwa mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål, aliyekwenda huko na msafara wa Denmark, akafia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Alisikiliza majina ya wavuvi wa Kiarabu na kuyaacha baadhi yake kama yalivyo. Pandu wetu mmoja ni Scomberoides lysan, na anayesema Kiswahili cha visiwani akilisoma jina hilo atasikia lisani, yaani ulimi. Tena samaki mwenyewe ni bapa na mrefu kama ulimi.

Karambisi na kolekole

Haya majina mawili hupishana. Kwa wengine karambisi ni yule mkubwa mwenye paji la wima, na kolekole ni wenziwe wenye umbo jembamba kidogo. Kwa wengine wote ni kolekole. Mimi nawaweka pamoja kwa sababu jikoni tofauti yao ni ndogo.

Mkuu wao ni Caranx ignobilis, wa fedha iliyoiva kijivu, madume wakubwa wakiwa na weusi. Anafika urefu wa sentimita 170 na uzani wa kilo 80, ndiye mkubwa kuliko wote katika jenasi yake. Ana nguvu za kutisha: huko Shelisheli, kwenye kisiwa cha Farquhar, ameonekana akiruka na kuwameza ndege wa baharini. Mwenziwe Caranx melampygus ana vidoa vya buluu mwilini, na Caranx sexfasciatus hukaa makundi makubwa mchana, usiku akatawanyika kwenda kuwinda. Mzuri wao wa sura ni Gnathanodon speciosus, wa dhahabu. Akiwa mchanga huwa na mistari myeusi na hufuatana na papa na samaki wakubwa. Akikua hana meno, huchokoa mchanga kwa mdomo wake unaochomoza.

Nyama yake ni nzito, imeshikana, nyeupe iliyopiga uwaridi, na ubavuni kuna mfereji wa nyama nyekundu iliyokoza. Huo mfereji ndio unaowafanya watu waseme kolekole ana shombo. Uondoe kwa kisu, ni dakika mbili tu, na vipande vyako vitakuwa vya heshima. Mimi huuacha pale ninapopika kwa ukwaju, kwa sababu ukwaju unaumudu.

Chungu chake ni mchuzi. Pande la karambisi halivunjiki hata ukikoroga, linakaa kwenye tui zito bila ya kugeuka uji, na ndiyo maana kwa biriani ya samaki na kwa samaki wa kupaka anakubali sana. Umpake thomu, tangawizi, ndimu na pilipili, umbanike juu ya mkaa mpaka ngozi ianze kupasuka, ndipo umwagie tui lililochemshwa na bizari. Kichwa chake usikitupe. Kichwa cha karambisi cha kilo moja kinatoa supu ya watu wanne, na nyama ya mashavu ni laini kuliko popote mwilini.

Kwa kukaa, yuko vizuri akiwa na barafu, kwa kuwa ni mkubwa na joto linachelewa kumfika ndani. Ila mkubwa kupita kiasi namwogopa kidogo. Samaki wakubwa wawindaji wa miambani katika bahari za joto wanaweza kubeba sumu iitwayo siguatera, inayotoka kwa viumbe vidogo vya mwani na kupanda kutoka samaki hadi samaki. Haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Kwa hiyo kati ya karambisi wa kilo tano na wa kilo thelathini, namchukua wa kilo tano.

Na kuna upande wa pili wa ukubwa. Utafiti uliofanywa Hawaii ulikuta Caranx ignobilis anaanza kuzaa akifika kama sentimita 60, akiwa na umri wa miaka mitatu na nusu hivi. Yaani yule wa sentimita thelathini anayeonekana mnono sinia nzima bado ni mtoto. Melampygus huwahi, kama sentimita 35. Nikiwa na hiari, wale watoto wenye paji la wima nawaacha mezani, na hili namwambia muuzaji wazi ili naye amwambie mvuvi.

Anamfaa mwenye wageni, mwenye sufuria kubwa, na mwenye mtu wa kugawana naye bei.

Pandu

Pandu ni bapa, ngozi kama ya mkoba, rangi ya fedha yenye kijani mgongoni. Ubavuni ana madoa kama alama za kidole gumba: Scomberoides lysan ana safu mbili za madoa madogo, na Scomberoides commersonnianus ana safu moja ya madoa makubwa. Huyu wa pili ndiye mrefu, anafika sentimita 120. Usihangaike kumparua, magamba yake ni kama sindano zilizozama kwenye ngozi. Pandu huchunwa. Unachanja nyuma ya kichwa, unaishika ngozi kwa kitambaa kikavu, unaivuta kwenda mkiani, nayo inatoka nzima nzima.

Kabla ya hapo, mkasi. Miiba ya mgongoni na ile miwili ya chini ina sumu, si ya kuua, lakini inauma vibaya na mkono unavimba. Kata miiba yote kwanza. Akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yanapungua kwa sababu sumu hiyo haipendi joto. Pandu mchanga naye ana tabia yake ya ajabu: huwafuata samaki wengine na kuwang'ofoa magamba, ndiyo chakula chake.

Nyama ni nyeupe, kavu, haina mafuta mengi, na miiba midogo ni michache. Hapo ndipo uzuri na ubaya wake ulipo. Ukimkaanga kwa dakika moja ya ziada anakuwa kama kuni. Lakini ukimkata vipande vyembamba, ukampaka chumvi, ndimu na pilipili manga, mafuta yakawa ya moto sana, akaingia na kutoka, hutamtaka changu. Katlesi zake ni safi kwa sababu nyama haina maji. Na kwa ng'onda yeye ni bingwa kati ya watatu hawa: mwili bapa, mafuta haba, unampasua, unamtia chumvi, jua linamaliza kazi. Karambisi ni mnene mno kwa kazi hiyo. Kwa mchuzi wa tui pandu si mbaya, ila mtie mwisho, tui likiwa limeshaiva.

Mwenye kumpenda pandu ni mwenye watoto wadogo au mzee asiyeona vizuri miiba, na mwenye safari. Ukubwa wake wa kati unatosha nyumba ya watu watano sita bila ya kuchangia na mtu.

Kibua

Kumjua tumeshasema: msumeno wa mkiani na kipezi kimoja kimoja, au jicho kubwa la Selar. Hawa huvuliwa usiku wa giza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za umeme wa jua. Mwanga unakusanya viumbe vidogo, vibua wanafuata, nyavu zinazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauvuti kitu, na vibua huadimika. Anayejua tarehe ya mwezi anajua siku ya kwenda sokoni kutafuta fungu kubwa.

Nyama yake ni nyeusi nyeusi, ina mafuta, ladha yake ni ya bahari hasa. Miiba ipo na ni mingi. Mtu mzima anaimudu kwa vidole. Kibua hataki mchezo mwingi. Chukuchuku ya maji, chumvi, ndimu, pilipili mbichi na kitunguu, dakika kumi, na sahani ya muhogo pembeni. Au umbanike mzima kwenye seredani, mafuta yake yenyewe yanamkaanga. Kwenye biriani anavunjika na kuichafua.

Fungu moja linalisha nyumba, na huhitaji jokofu kwa sababu halibaki. Na kwa kuwa hukua upesi, simwonei wasiwasi kama ninavyomwonea mtoto wa karambisi.

Udhaifu wake ni joto. Mwaka juzi nilinunua fungu alasiri kwa mchuuzi aliyepita mtaani na tenga. Macho yalikuwa yamefifia kidogo, nikajiambia moto utasafisha. Nusu saa baada ya kula, mwanangu uso ukawa mwekundu, shingo inamwasha, kichwa kinagonga. Na mimi pia. Tulidhani ni pilipili. Ilikuwa histamini, inayojitengeneza kwenye nyama ya samaki hawa wakikaa na joto, na ikishakuwemo, kukaanga hakuiondoi. Jodari, nguru na karambisi nao wana hatari hiyo, ila kibua ni mdogo, joto linamfika mara moja. Tangu siku ile kibua kwangu ni wa asubuhi tu: jicho limetuna, tumbo gumu, mgongo haupindi ukimshika mkia.

Kwa hali yako

Kama una hitma, maulidi au wakwe wanakuja, shirikiana na jirani mchukue karambisi mmoja wa kilo nne au tano, yeye achukue mkia, wewe kichwa na mapande ya katikati. Mgonjwa akiwepo nyumbani, kichwa hicho hicho ndicho supu yake.

Ukiwa na watoto wanaoanza kula samaki, chukua pandu, mwambie muuzaji akate miiba na kukuchunia mbele yako. Na kama unapanda meli kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja, au kuna mtu bara unampelekea zawadi, ng'onda ya pandu itafika salama pasipo barafu.

Mwisho wa mwezi, mshahara bado, na mwezi wa angani ni mwandamo: vibua. Nunua mafungu mawili, moja la chukuchuku mchana, jingine libanike jioni ile ile. Usililaze.

Ukiwa unamlisha mtu aliyewahi kuwashwa au kuvimba baada ya kula samaki wa aina hii, usijaribu kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari kwanza, na siku hiyo umpikie kitu kingine.

Na kama umefika sokoni alasiri, barafu imeyeyuka na karambisi aliyebaki ni kipande kilichokauka pembeni, nunua muhogo na nazi, samaki umwachie kesho asubuhi.